Boléro ya Ravel: kwa nini mtu mzima arudie wimbo mmoja kwa dakika 15?

#1 Foleni ya Mwenge
Wakuu salaam. Mimi ni dereva, namwendesha mama mmoja wa ofisini, mtu mzima, kasoma Ulaya. Juzi jioni tumekwama Mwenge, mvua inanyesha, akanipa flashi yake niichomeke. Mwanzo sikusikia kitu, nikaongeza sauti. Kumbe kuna kingoma kinagonga kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi huku anaogopa kuamsha watoto. Ikaja filimbi. Ikaja chombo kingine, wimbo ule ule. Kikaja cha tatu, kikabadilisha kidogo, halafu tukarudi kule kule.

Baada ya dakika kama tano nikamwambia, "Mama, flashi yako imekwama." Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema haijakwama, imetungwa hivyo. Inaitwa Boléro, ya Mfaransa Maurice Ravel, mwaka 1928, na inakwenda hivyo hivyo robo saa nzima.

Muda wote huo tulisogea labda mita hamsini. Lakini kufika mwisho, wakuu, nilikuwa nimeubana usukani kama nimekutana na basi la mkoani uso kwa uso kwenye daraja.

Mama alisema tu "wanasema alikuwa mgonjwa kichwani", simu ikaita, tukafika. Tangu siku hiyo sina raha. Ni ugonjwa, ni uvivu, au kuna kitu sikioni?

#2 Ngoja Waje
Nimeweka kigoda hapa. Wenye okestra zao waje.

#3 Cherehani
Mimi mshonaji. Bolero kwangu ni kile kikoti kifupi cha bibi harusi cha kufunika mabega akiingia kanisani. Nimeingia na futi yangu mkononi. Naona nimepotea, ila nakaa.

#4 Mwalimu wa Kwaya
Mleta uzi, umeuliza vizuri. Nianze na kilichotokea, mengine yatafuata.

Mwaka 1928 mcheza dansi Ida Rubinstein alimwomba Ravel muziki wa kuchezea jukwaani, wenye harufu ya Hispania. Mpango wa kwanza haukuwa kutunga. Ravel alitaka kuchukua vipande vya piano vya Albéniz, mtunzi wa Kihispania, kutoka mkusanyiko uitwao Iberia, avigawe kwa vyombo vya okestra. Yuko likizo Saint-Jean-de-Luz, pwani ya Wabaski kusini-magharibi mwa Ufaransa, akaambiwa na rafiki yake Joaquín Nin kwamba haki za kufanya hivyo zimeshachukuliwa na mtu mwingine, kiongozi wa okestra aitwaye Arbós. Kazi ikamwanguka mkononi na muda unakwenda.

Ndipo asubuhi moja kabla ya kwenda kuogelea akampigia rafiki yake Samazeuilh wimbo kwa kidole kimoja kwenye piano, akamwambia wimbo huu una ung'ang'anizi fulani, atajaribu kuurudia mara nyingi bila kuukuza, huku akiongeza okestra kidogo kidogo kadiri atakavyoweza. Alifanya hivyo hivyo. Akaanza mwezi wa saba, mwezi wa kumi kamaliza. Ukapigwa mara ya kwanza Paris Opéra tarehe 22 Novemba 1928.

Kwa hiyo jibu langu: tarehe ilikuwa imekaribia. Mtu akikosa unga hupika uji.

#5 Mzee wa Sindimba
Mwalimu, unga uliisha mkono ukabaki. Uji ule unauzwa mpaka leo.

#6 Kaka Mjuaji
Jamani ukweli ni kwamba Ravel aligongwa kwenye teksi, kichwa kikapata shida, ndiyo akaandika kitu kinachozunguka mahali pamoja. Hili linajulikana.

#7 Zamu ya Usiku
Kaka Mjuaji, teksi ilikuwa Oktoba 1932. Boléro ni 1928. Sasa ajali iligeuka nyuma miaka minne ikamfuata?

Mimi ni tabibu, ngoja niweke upande wa hospitali maana huyo mama wa mleta uzi hakutoa hewani. Dalili za Ravel zilianza kuonekana kabla ya ajali, mnamo 1927: kuandika kulianza kumpa taabu. Ajali ilipokuja, hali ikashuka haraka. Mwaka 1933 akiwa baharini alishindwa kuratibu mikono na miguu yake kuogelea, na alikuwa mwogeleaji mzuri. Daktari wake wa mishipa ya fahamu, Alajouanine, alieleza baadaye kwamba Ravel aliujua muziki akiusikia, kosa dogo analikamata, ila kuutoa kichwani kuuweka kwenye karatasi hakuwezi. Desemba 1937 daktari Clovis Vincent alimfungua kichwa, uvimbe haukuonekana, na tarehe 28 akafariki, miaka 62.

Sasa wako watafiti wanaosema kurudiarudia kitu ni dalili ya ubongo unaochakaa upande wa mbele, na kwamba Boléro ni dalili iliyoandikwa kwa nota. Wanamtaja Anne Adams, mwanasayansi wa Kanada aliyeacha maabara akawa mchoraji. Mwaka 1994 aliichora Boléro mizani kwa mizani (vile vipande vidogo vilivyo sawa ambavyo muziki hugawanywa), vijumba vya rangi vinavyopanda urefu kadiri sauti inavyopanda. Baadaye ikagundulika ana ugonjwa wa kupoteza maneno, wa aina ile ile wanayomshuku nayo Ravel. Wawili, ugonjwa mmoja, wimbo mmoja. Inasisimua.

#8 Mwalimu wa Kwaya
Daktari, inasisimua, lakini ina shimo. Baada ya Boléro Ravel aliandika konseto mbili za piano, yaani piano inaongoza, okestra inaisindikiza. Moja ni ya mkono wa kushoto tu, kwa ajili ya Paul Wittgenstein, aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita Kuu ya Kwanza. Ya pili ni ya ngazi ya G, ilikamilika 1931. Zisikilize. Zimejaa mawazo, zinarukaruka, hakuna kurudia. Ubongo uliokwama 1928 ulikwamukaje 1930?

#9 Zamu ya Usiku
Mwalimu, ugonjwa huu hauendi kama ngazi. Kuna siku mbaya na siku nzuri. Lakini nakubali umenigonga pazuri.

#10 Foleni ya Mwenge
Kumbe kuna konseto ya mkono mmoja! Nyinyi watu.

#11 Fimbo Mbili
Nimekuwa msomaji tu humu miaka mingi, leo nimelazimika kujisajili. Mimi ni Mtanzania niko Ujerumani kaskazini, nilijifunza ngoma kwenye gwaride la shule, na sasa napiga katika okestra ya watu wa kujitolea: walimu, mafundi bomba, mstaafu wa posta. Baada ya wiki tatu tunaipiga Boléro, na mimi ndiye nimepewa ile snea, ngoma ndogo yenye nyaya chini.

Naomba niwaeleze kazi yenyewe. Mdundo ni wa mizani miwili: ta, tatata, ta, tatata, ta, ta. Halafu: ta, tatata, ta, tatata, tatata, tatata. Basi. Mapigo 24. Unayarudia mara 169. Huruhusiwi kuongeza pambo, huruhusiwi kupunguza, huruhusiwi kukimbia. Unaanza kwa sauti ya chini kuliko yote unayoweza, fimbo karibu na ukingo wa ngozi, umekaa katikati ya watu wote, na viola na selo wanadonoa nyuzi kwa vidole. Ukikosea pigo moja pale mwanzo hata anayeuza tiketi nje anajua.

Mwalimu anasema muda ulikuwa umekwisha. Mtu asiye na muda hapangi hivi. Muziki mzima una mizani 340, na karibu kila duru vyombo vingine vinapewa kugonga mdundo pamoja na mimi, kwa zamu, hakuna aliyewekwa kwa bahati.

#12 Hesabu Kali
24 mara 169 ni 4,056. Kaka, unalipwa kwa pigo au kwa saa?

#13 Fimbo Mbili
Nalipwa keki. Na hesabu yako haijaingiza snea ya pili inayoongezwa karibu na mwisho.

#14 Bi Mkubwa wa Pangani
Assalaam aleikum. Nyie mnatafuta ugonjwa mahali ambapo hapana mgonjwa. Baba yangu alikuwa mpiga ngoma. Kwetu pwani kuna msondo, kuna vumi, na kuna chapuo. Msondo husema, vumi hujibu, chapuo haina ruhusa ya kusema. Chapuo inashika pale pale tangu isha mpaka alfajiri, na hakuna aliyewahi kumwambia mpiga chapuo "mbona unarudia, nenda hospitali". Akibadilisha ndipo tunamwangalia kwa wasiwasi.

Huyo Ravel aliweka chapuo katikati ya wazungu themanini, wakashangaa. Hilo tu.

#15 Mzee wa Sindimba
Bi Mkubwa kafunga uzi. Mods, weka kufuli.

#16 Mwalimu wa Kwaya
Shikamoo Bi Mkubwa. Kwa heshima, tofauti ipo: katika ngoma mpiga chapuo yuko pale pale lakini msondo unabuni, mchezaji anabuni, watu wanaitikia. Kwa Ravel hakuna anayebuni. Wimbo una sehemu mbili, ya kwanza nyeupe, imetulia. Ya pili ina huzuni na kona kona kidogo, kama mtu anataka kulia akajizuia. Ya kwanza mara mbili, ya pili mara mbili, mzunguko huo mara nne, kisha kila moja mara moja moja. Jumla mara 18. Nota ni zile zile. Kinachobadilika ni nani anapiga na kwa nguvu gani.

#17 Bi Mkubwa wa Pangani
Marahaba. Basi huyo anayebadilika ndiye msondo.

#18 Dada wa Athi River
Wasee, hii uzi ni tamu. Mimi niliona Boléro kwanza kwa video ya zamani ya dansi ya kuteleza kwenye barafu, si kwa okestra. Torvill na Dean, Waingereza, Olimpiki ya Sarajevo 1984. Majaji wote tisa waliwapa 6.0, alama ya juu kabisa, kwa usanii. Na kuna ujanja ule: sheria iliwapa dakika nne na sekunde kumi, na muziki wao hawakuweza kuukata chini ya dakika nne na sekunde 28. Saa inaanza kuhesabu wakati chuma cha kiatu kinagusa barafu kuteleza, so wakaanza wakiwa wamepiga magoti, wanayumba tu na mikono, mpaka zile sekunde zikaisha. Si hiyo ni akili ya wakili?

#19 Hesabu Kali
Kwa hiyo waliukata robo tatu na bado watu wakalia. Hoja ya uvivu inarudi: kumbe dakika nne zinatosha.

#20 Fimbo Mbili
Hesabu Kali, hizo dakika nne zinakupa wimbo, hazikupi kusubiri. Ukipiga yote unajua.

#21 Wa Bukavu
Jambo kwenu. Kwetu Kongo neno hili ni la nyumbani. Sahani za santuri za miaka ya 1950, za kampuni za Ngoma na Loningisa kule Léopoldville (Kinshasa ya leo), chini ya jina la wimbo waliandika aina yake: rumba, cha-cha-cha, bolero. Baba mkubwa wangu ana sanduku zima. Bolero ilikuwa ule wimbo wa polepole, wa kucheza umemshika mtu. Sasa huyu Mfaransa ametuiga au tumemwiga?

#22 Mwalimu wa Kwaya
Wala hili wala lile. Ni majina mawili yaliyogongana. Bolero ya Hispania ni dansi ya mapigo matatu, ya karne ya 18. Bolero ya Kuba ilizaliwa Santiago mwishoni mwa karne ya 19, ya mapigo mawili, ya gitaa na mapenzi, na ndiyo iliyopanda meli ikafika Kongo kwa santuri. Ravel ni wa mapigo matatu: ile ya Hispania.

Na hata hiyo si sawasawa. Nin, yule yule rafiki aliyempa habari ya haki za Albéniz, mzaliwa wa Havana, alimwambia kwamba bolero halisi haiendi hivi, hii ni ya polepole mno. Ravel akamjibu kwamba hilo halina umuhimu wowote. Awali aliuita Fandango, akabadilisha.

#23 Wa Bukavu
Kwa hiyo hata jina si lake. Asante mwalimu. Bado nasema ya Léopoldville ni tamu zaidi.

#24 Cherehani
Na kikoti je?

#25 Mwalimu wa Kwaya
Kikoti pia ni cha Hispania, dada. Umo kwenye mada.

#26 Fundi Mitambo
Mmesema ugonjwa, muda, chapuo. Nashangaa hakuna aliyetaja kiwanda. Baba yake Ravel, Joseph, alikuwa mhandisi na mvumbuzi, na alikuwa akiwapeleka wanawe kuona mitambo. Mwaka 1905, kijana bado, Ravel alipita mto Rhine kwa mashua, akaandika barua kuhusu viwanda vya kuyeyusha chuma, mikanda, filimbi na nyundo, akashangilia kama mtu aliyeona ikulu. Na mdogo wake Édouard alisimulia kwamba Ravel alikuwa akionyesha kiwanda kimoja cha Le Vésinet, karibu na Paris, akisema hicho ndicho kiwanda cha Boléro. Alitaka jukwaani pawe na kiwanda nyuma. Rubinstein akaweka baa ya Kihispania, yeye anacheza juu ya meza, wanaume wamemzunguka.

Mimi nilifanya kazi kiwanda cha nguo miaka tisa. Mashine za kufuma mia moja na ushee, zote zinasema kitu kimoja. Wiki ya kwanza unaumwa kichwa. Wiki ya tatu unaanza kusikia nyimbo ndani yake. Mwaka wa pili mashine moja ikikohoa upande wa pili wa jengo, unageuka kabla ya msimamizi. Nilipousikiliza huo muziki jana usiku kwa ajili ya uzi huu, nilinusa mafuta ya mashine. Mgonjwa hatungi hivyo, wala mvivu. Ni mtoto wa fundi.

#27 Dereva wa Semi
Na alikuwa dereva mwenzetu pia! Vita ya kwanza jeshi lilimkataa, mfupi na mwepesi mno, akang'ang'ania mpaka akapewa lori upande wa Verdun, vitani Ufaransa. Lori lake akalipa jina, Adélaïde. Foleni ya Mwenge, huyo ni wa kijiweni kwetu.

#28 Foleni ya Mwenge
Hapo mmenimaliza. Dereva wa lori! Sasa naelewa ule uvumilivu wa gia ya kwanza.

#29 Kaka Mjuaji
Nimekubali la teksi nilikosea. Ila la kondakta sikosei: kulikuwa na ugomvi mkubwa na kondakta.

#30 Mzee wa Sindimba
Kondakta gani, aligoma kurudisha chenji?

#31 Kaka Mjuaji
Mwongoza okestra, mzee, usinichafue. Toscanini, Mei 1930, alikuja Paris na okestra ya New York akaupiga mbio. Ravel yumo ukumbini. Akamwendea akamwambia umekimbiza. Inasimuliwa kwamba Toscanini alimjibu kuwa bila kuukimbiza haubebeki. Ravel mwenyewe aliurekodi Januari mwaka huo, karibu dakika 16, haongezi mwendo hata mwisho.

#32 Fimbo Mbili
Leo umesema kweli tupu, Kaka Mjuaji. Na huo ndio mtihani wangu. Sauti ikipanda mkono nao unataka kukimbia, ni mwili tu. Juzi kwenye mazoezi mwongozaji alisimamisha watu wote akasema, mbele ya kila mtu, kwamba mpiga snea ana ndege ya kuwahi. Nilijisikia mdogo kama kidonge. Nikamweleza kwamba waliokimbia ni tarumbeta, akanitazama tu.

#33 Hesabu Kali
Unahesabuje mpaka 169 bila kupotea?

#34 Fimbo Mbili
Sihesabu namba. Nilijaribu, nikapotea kwenye arobaini na kitu. Nahesabu watu. Filimbi, klarineti, basuni iliyopanda juu mpaka inaonekana inaumia, klarineti ndogo, obo ya sauti nzito. Filimbi tena akiwa na tarumbeta iliyozibwa mdomo. Saksafoni mbili. Kisha ile ya tisa, naipenda kuliko zote: honi inapiga wimbo, na filimbi mbili ndogo juu yake zinapiga wimbo ule ule lakini kila moja katika ngazi yake, na selesta inagonga kama vijiko. Ukiwa mbali unaapa ni kinanda cha kanisa. Hakuna kinanda. Amekijenga kwa watu wanne. Ikifika tromboni, jasho lake linaonekana kutoka nilipokaa, najua nimevuka nusu. Fidla wakianza kuimba na pinde, najua nyumbani ni karibu.

#35 Mtoto wa Mwalimu
Nimesoma zote. Nataka kurudi kwa Zamu ya Usiku.

Mama yangu alifundisha shule ya msingi Tanga miaka thelathini na miwili. Sasa ni mwaka wa nne hanijui vizuri. Ana mstari mmoja wa wimbo wa kuhesabu aliokuwa akiwaimbia la kwanza. Anauimba akioga, akila, akikaa barazani. Mstari mmoja, haufiki "tano". Mwanzoni nilikuwa namkatiza, nampa mwingine, nikidhani namsaidia. Ananyamaza kidogo, ananitazama kwa adabu kama mgeni, kisha anarudi palepale alipoachia.

Kwa hiyo daktari, mtu akiniambia Boléro ni ugonjwa huo, nasikiliza, sikatai. Ila mama haongezi chombo. Na hajui lini anyamaze.

#36 Zamu ya Usiku
Pole sana dada. Umesema kitu ambacho mimi na makaratasi yangu hatukukisema. Ravel mwenyewe aliuita jaribio: alieleza mwaka 1931 katika gazeti la London kwamba ni okestra tupu bila muziki, mpando mmoja mrefu, asitegemewe kufanya zaidi ya hapo. Mtu anayeeleza hivyo anajua anachofanya. Ugonjwa unaweza kuwa ulimpa kupenda kurudia. Mpango ni wake. Bado siondoi jina la ugonjwa, nalisogeza pembeni kidogo tu.

#37 Bi Mkubwa wa Pangani
Mwanangu, muitikie mama. Akiimba mstari wake, wewe itikia. Usimkatize.

#38 Mtoto wa Mwalimu
Nitajaribu, bibi. Shikamoo.

#39 Dada wa Athi River
Nikikumbuka, kuna mama alipiga kelele usiku wa kwanza, "huyu ni kichaa!" Ravel akasema huyo ndiye ameelewa. Ama hiyo ni hadithi ya mitaa?

#40 Mwalimu wa Kwaya
Inasimuliwa sana, dada, sikuwepo. Kama ile ya mtunzi mwenzake Honegger, kwamba Ravel alimwambia ametunga kazi bora moja tu, Boléro, bahati mbaya haina muziki ndani.

#41 Pesa Mkononi
Hakuna muziki ndani lakini pesa zimo. Kwa miongo kadhaa huu wimbo ulikuwa miongoni mwa kazi za Kifaransa zinazoingiza hela nyingi kuliko zote duniani, na Ravel hakuwa na mke wala mtoto. Zikaenda kwa mdogo wake, kisha zikapita mikono ambayo haikuwa na damu yake hata tone. Ufaransa hakimiliki iliisha 1 Mei 2016, maana walimwongezea miaka ya fidia ya vita. Halafu warithi wakaenda mahakamani kudai mchora mandhari ya jukwaa, Benois, ahesabiwe mtunzi mwenza, ili ulipiwe mpaka 2039. Mahakama ya Nanterre ikawakatalia 2024.

#42 Mzee wa Sindimba
Mchora baa ndiye mtunzi! Basi na aliyetengeneza meza aje.

#43 Fundi Mitambo
Tukirudi kwenye mada: hakuna anayezungumzia mwisho? Dakika 14 yuko kwenye ngazi moja ya sauti, C, C, C. Halafu ghafla anapandisha kwenda E, mizani michache tu, kama mtu amefungua mlango wa tanuru. Kisha anarudi na kila kitu kinaanguka. Mashine imekatika mkanda. Nani anasema si kiwanda?

#44 Bi Mkubwa wa Pangani
Ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka.

#45 Mwalimu wa Kwaya
Mimi hapo nasikia mtu aliyeishiwa karatasi akatafuta njia ya kutoka. Nabaki na hoja yangu ya uji.

#46 Fimbo Mbili
Wakuu, ilikuwa jana. Kanisa lilijaa. Nilianza chini sana hata mwongozaji akainama kusikiliza. Mikono baridi. Kwenye saksafoni ya kwanza nikasikia nakimbia, nikamkumbuka Bi Mkubwa: chapuo haina ruhusa ya kusema. Nikatulia. Kwenye tromboni yule mstaafu wa posta alitoa sauti kama ya mtu aliyepata barua yake mwenyewe. Ilipofika ile E sikuona tena karatasi. Si machozi, jasho. Sawa, na machozi.

Tulitumia dakika 15 na sekunde 50. Mwongozaji alinipa mkono, akasema safari hii ndege umeiacha.

#47 Ngoja Waje
Hongera kaka. Kigoda changu kimepata maana.

#48 Hesabu Kali
Keki ya aina gani?

#49 Fimbo Mbili
Ya tufaha.

#50 Foleni ya Mwenge
Wakuu nimerudi. Leo Mwenge tena, mvua tena, mama akanipa flashi bila hata kuniuliza. Nikamweleza habari za kiwanda, lori, chapuo, mwanamke wa Kanada. Alinyamaza, akasema ana rafiki Lyon anayeshikilia ile ya ugonjwa na hatamwacha apumue. Kisha tukasikiliza. Nilihesabu watu kama alivyosema Fimbo Mbili: basuni, saksafoni, kinanda kisichokuwepo. Trafiki akaturuhusu tukiwa kwenye tromboni. Nikakanyaga mafuta.

Mama akasema, "Nenda, lakini usikimbize."